Pompeii kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ziara, Kuanzia Viza Hadi Lango la Kutokea

Malalamiko ya wanaorudi kutoka Pompeii, magofu ya mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvio karibu na Napoli, Italia, yanafanana. Mmoja alishuka stesheni isiyo yake. Mwingine alizuiwa getini kwa sababu jina la kwenye tiketi halikuwa la kwenye pasipoti. Wengi zaidi waliingia bila tabu, wakazunguka juani saa mbili katika mitaa ya mawe, wakachoka, wakatoka bila kuona hata nyumba moja ya maana. Karibu yote haya huzuilika ukiwa bado nyumbani.

Kosa la msingi ni kuichukulia Pompeii kama gofu moja. Aliyezoea Gede au Kilwa Kisiwani, ambako mwongozaji anakuzungusha na mnamaliza kwa saa chache, hapa atashtuka. Mji wenyewe una hekta kama 66, na zilizokwisha kufukuliwa ni kama 44. Kuna barabara kuu, vichochoro, maduka, mabafu, viwanja vya michezo na mamia ya nyumba. Siku moja haitoshi kuumaliza, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchagua.

Historia tunaiacha, imeandikwa tele kwingine.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa 2 tupu, na ambayo itaendelea kutumika angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka Ulaya.
- Tiketi yenye jina lako, kwenye simu na kwenye karatasi pia, maana simu huzima.
- Begi dogo lisilozidi sentimita 30 × 30 × 15. Kubwa kuliko hapo halipiti getini, linabaki kwa watunza mizigo, na utalazimika kurudi kulichukua hata kama ulipanga kutokea lango jingine.
- Raba zenye soli nene isiyoteleza. Mitaa imetandikwa mawe makubwa ya lava yaliyolainishwa na nyayo, na yakilowa yanateleza vibaya. Viatu vya kisigino viache hotelini, na ndala vilevile.
- Kofia, krimu ya jua na chupa ya maji ya lita 1.
- Ramani ya mji, iliyopakuliwa mapema kutoka tovuti rasmi, pompeiisites.org.
- Euro 30 hadi 40 taslimu kwa kila mtu, kwa treni, chakula na dharura.
- Pawabenki. Ramani, tiketi na picha vyote vinakula chaji ya simu moja.

## Hatua ya 1: Viza, anza miezi mitatu kabla

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja inayotumika Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Siku 15 ndio muda wa kawaida wa kushughulikia ombi, lakini kinachochelewesha zaidi ni kupata miadi ya kupeleka karatasi. Ndiyo maana tunasema miezi mitatu.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000 na itambulike katika nchi zote za Schengen.

Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yako inatua kwanza kwingine. Ukipitia Amsterdam kwa saa tatu kisha ukakae Italia siku nane, ombi ni la Italia. Wapo wanaopeleka kwenye ubalozi wa nchi wanayotua tu, ombi halipokelewi, na muda umeshapotea.

Wanaoishi Oman na nchi nyingine za Ghuba huombea hukohuko, kwa kuonyesha kibali cha ukaazi ambacho bado kitakuwa na muda baada ya safari. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen haombi tena viza. Anasafiri na kibali pamoja na pasipoti.

Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani kwa mfumo mpya. Foleni inaweza kuwa ndefu, basi usipange Pompeii siku ileile unayotua.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Aprili, Mei na Oktoba hali ya hewa ni nzuri kwa kutembea. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na kivuli ni adimu, kwa kuwa nyumba nyingi hazina paa. Kuanzia Novemba mvua huongezeka, lakini watu wanapungua sana. Sisi tungechagua Oktoba.

Saa za kufungua zinabadilika kwa msimu:

- 1 Aprili hadi 31 Oktoba: saa 3 asubuhi hadi saa 1 usiku, mwisho wa kuingia saa 11:30 jioni.
- 1 Novemba hadi 31 Machi: saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mwisho wa kuingia saa 9:30 alasiri.

Pamefungwa 25 Desemba, 1 Januari na 1 Mei. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuingia ni bure, na hiyo ndiyo siku ya kuepuka. Utaokoa pesa ya tiketi na kuilipa kwa foleni.

## Hatua ya 3: Nunua tiketi yenye jina sahihi

Tangu Novemba 2024 wageni hawazidi 20,000 kwa siku na kila tiketi ina jina la mtu. Msimu wa joto idadi hiyo inagawanywa: 15,000 huingia asubuhi hadi saa 7 mchana, na 5,000 baada ya hapo. Kipindi unachochagua ni cha kuingia. Ukishaingia, unaweza kukaa hadi kufunga.

Tiketi kuu ni mbili. Ile ya kawaida, Pompeii Express, ilikuwa euro 18 mwaka 2025, na inahusu mji wenyewe. Pompeii+ ilikuwa euro 22 na inaongeza majumba ya nje ya kuta, likiwemo Villa dei Misteri lenye michoro ya ukutani mashuhuri kuliko yote. Kwa tofauti ndogo hivyo, chukua hii ya pili ikiwa una siku nzima. Ukiwa na saa tatu tu, ya kwanza inatosha. Wenye umri chini ya miaka 18 huingia bure, lakini nao waonyeshe kitambulisho.

Kujaza jina. Fomu ya Kiitaliano ina nafasi mbili: *Nome* ni jina lako, *Cognome* ni la ukoo. Sisi wenye majina matatu ndipo tunapoteleza. Fungua pasipoti, angalia kilichoandikwa sehemu ya jina la ukoo, kiandike hivyohivyo kwenye *Cognome*. Yanayobaki yote weka kwenye *Nome*, kwa mpangilio uleule. Usitumie jina la nyumbani wala kifupi. Ukiwanunulia wenzako, jaza jina la kila mmoja, usirudie lako mara nne.

Kuwa macho. Anzia kwenye tovuti rasmi ya magofu na ufuate kiungo chake cha tiketi. Ukianzia kwenye matangazo ya intaneti utaangukia kwa wauzaji wanaoongeza bei kwa kitu kilekile. Nje ya stesheni nako kuna vibanda vyenye maandishi makubwa ya "taarifa" na watu wanaokwambia tiketi zimeisha getini ila wao wanazo, pamoja na mwongozaji. Wapite. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha mkoa wa Campania kifuani na anakubali ukisome.

Umefaulu hatua hii ukiwa na barua pepe yenye msimbo wa kuskani, tarehe, kipindi cha kuingia, na jina linalolingana na pasipoti herufi kwa herufi.

## Hatua ya 4: Lango kwanza, treni baadaye

Wengi huchagua treni, halafu lango linajichagua lenyewe. Fanya kinyume chake.

Malango ni matatu. Porta Marina na Piazza Esedra yako upande wa magharibi, jirani. Piazza Anfiteatro liko mashariki, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi ukizunguka kwa nje. Makundi ya mabasi na meli za kitalii humiminika Porta Marina kuanzia saa 3:30 asubuhi, na wote wanaelekea uwanja mkuu wa mji, Foro. Ukiingia kwa Anfiteatro unatembea kinyume nao: asubuhi uko sehemu tulivu, na unafika Foro wakati wao wanaondoka kwenda kula.

Kwa mgeni wa siku nzima tunapendekeza hivi: ingia Piazza Anfiteatro, tokea Porta Marina. Mtu wa kiti cha magurudumu au mwenye shida ya magoti naye aingilie hapohapo Anfiteatro, kwa sababu ndiko inakoanzia njia iliyosawazishwa, *Pompei per tutti*, yenye zaidi ya kilomita 3.

Sasa treni. Ukitoka Roma, treni ya kasi inakufikisha Napoli Centrale kwa saa moja na dakika kumi hivi. Kutoka Napoli kuna njia tatu, na hapa ndipo watu wanapopotea, maana stesheni zote tatu zina neno Pompei:

1. Circumvesuviana (reli ya eneo la Napoli), treni iendayo Sorrento, kituo *Pompei Scavi – Villa dei Misteri*. Unashukia mlangoni pa Porta Marina. Safari ni dakika 35 hadi 40, nauli kati ya euro 3 na 4.
2. Circumvesuviana, treni ya Poggiomarino inayopitia Pompei, kituo *Pompei Santuario*. Kiko katika mji wa sasa wa Pompei, karibu na kanisa kubwa, na ni mwendo mfupi hadi Piazza Anfiteatro.
3. Treni ya mkoa ya Trenitalia, shirika la treni la Italia, kituo *Pompei*. Nacho kiko mji wa sasa. Tembea dakika 10 hadi 15 hadi Piazza Anfiteatro.

Kwa mpango wetu, nenda kwa namba 2 au 3, rudi kwa namba 1.

Treni za Circumvesuviana zinapandiwa sakafu ya chini ya Napoli Centrale, kwenye kituo kiitwacho Garibaldi. Jukwaa moja hupokea treni za njia tofauti, basi soma jina lililoandikwa mbele ya treni yenyewe. Njia za Sorrento na Poggiomarino zinaachana Torre Annunziata. Ukigundua umekosea kabla ya hapo, shuka hapo usubiri nyingine. Ukitaka kiti, pandia Porta Nolana, kituo kimoja kabla ya Garibaldi, ambako treni zinaanzia. Msongamano ni mkubwa na wezi wa mifukoni wapo: begi kifuani, simu usiiache mfuko wa nyuma. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini.

Lenga kufika getini saa 2:45 asubuhi.

## Hatua ya 5: Jifunze kusoma anwani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotenganisha aliyeona na aliyetangatanga.

Mji umegawanywa katika kanda 9 (*Regio*), kila kanda ina vitalu (*insula*), na kila kitalu kina milango yenye namba. Nyumba ya Fauno, kwa mfano, ni VI 12, 2: kanda ya 6, kitalu cha 12, mlango wa 2. Vibao vidogo vya anwani viko pembeni mwa kuta, juu kidogo ya kichwa. Ukishajua hivyo, ramani inakuwa na maana hata kama intaneti imekatika.

Usiku wa kuamkia safari, ingia tovuti rasmi uangalie nyumba zilizo wazi. Nyumba hufungwa kwa zamu kwa ajili ya ukarabati au uhaba wa walinzi, na hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu uipendayo imefungwa. Andika nyumba 10 kwenye karatasi, na anwani zake, kisha ongeza 3 za akiba.

## Hatua ya 6: Mzunguko wenyewe

Tenga saa 5, na saa 6 kama una Villa dei Misteri.

Saa ya kwanza, mashariki. Anza na Anfiteatro, uwanja uliokuwa ukichukua watu kama 20,000. Dakika 15 zinatosha. Kisha nenda Orto dei Fuggiaschi (I 21), bustani ambamo miili 13 ya watu wazima na watoto imehifadhiwa kwa plasta pale ilipoangukia. Ukiwa na watoto, waeleze kabla hamjafika. Karibu na hapo kuna nyumba ya Julia Felix (II 4) na nyumba ya Venere in Conchiglia (II 3, 3), ambayo mchoro wake wa bustanini bado una rangi ya samawati inayong'aa.

Saa ya pili na ya tatu, Via dell'Abbondanza. Hii ndiyo barabara kuu, inayokwenda moja kwa moja hadi Foro. Hapa punguza mwendo utazame chini. Magurudumu yamechimba mifereji kwenye mawe, na katikati ya barabara kuna mawe ya kuvukia yaliyoinuliwa, yakiwa yameachiwa nafasi sawa na upana wa ekseli ili mikokoteni ipite. Kwenye ukingo wa njia ya miguu utaona matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya kufungia wanyama. Vijiwe vyeupe vilivyopachikwa kati ya mawe meusi viliakisi mwanga usiku.

Simama kwenye duka la chakula la Vetutius Placidus (I 8, 8). Kaunta imegeuka pembe kama herufi L, imepambwa kwa vipande vya marumaru za rangi, na ndani yake imezamishwa mitungi ya udongo. Midomo tu ndiyo inayoonekana. Mtungi mmoja ulikutwa na sarafu zenye uzito wa karibu kilo 3. Ukutani nyuma kuna madhabahu ya nyumbani iliyochorwa nyoka chini yake. Watu wengi hupiga picha ya kaunta na kuondoka bila kuinua macho.

Endelea: nyumba ya Menandro (I 10, 4), hekalu la Isis na kumbi za maonyesho (VIII 7), mabafu ya Stabiane (VII 1, 8), tanuri la mkate la Popidius Priscus (VII 2, 22) lenye mawe ya kusagia ya lava. Danguro la mji (VII 12, 18) lina vyumba vidogo na foleni ndefu. Kama foleni imefika pembeni mwa mtaa, liruke.

Saa ya nne, Regio VI. Nyumba ya Vettii (VI 15, 1), iliyofunguliwa upya Januari 2023, ndiyo yenye michoro iliyobaki vizuri zaidi ndani ya mji. Nyumba ya Fauno (VI 12, 2) inachukua kitalu kizima. Mosaiki ya vita vya Aleksanda Mkuu iliyo sakafuni ni nakala. Karibu na hapo, nyumba ya Poeta Tragico (VI 8, 5) ina ile mosaiki ya mbwa aliyefungwa mnyororo mlangoni; unaitazama kutoka nje.

Saa ya tano, Foro. Sasa makundi yamepungua. Tazama Basilika (si kanisa, bali jumba la mahakama na biashara), hekalu la Apollo na uwanja wenyewe, huku mlima Vesuvio ukiwa mbele yako. Malizia na Antiquarium, jumba dogo la vitu vilivyofukuliwa, lililo karibu na lango la Porta Marina.

Villa dei Misteri. Kwa wenye Pompeii+: kutoka Foro elekea kaskazini magharibi, pitia Porta Ercolano na barabara ya makaburi, mwendo wa dakika 15 hadi 20. Nenda kabla ya Antiquarium, na usisubiri saa ya mwisho. Chumba chenye ukuta mwekundu na watu wa karibu kimo halisi ndicho unachokifuata. Vingine vipite haraka.

## Mambo yanayoharibu siku, na dawa yake

Kiu na njaa. Chemchemi za mtaani zina maji salama ya kunywa. Jaza chupa kila unapoiona. Mgahawa uko nyuma ya Foro, na saa 7 mchana hujaa. Kula saa 5:30 au saa 8. Kula ndani ya nyumba za kale hakuruhusiwi.

Vyoo. Ni vichache na viko mbalimbali. Tumia cha getini kabla ya kuanza, kisha kile cha mgahawani.

Watoto wachanga. Mtoto abebwe mgongoni. Kigari kinakwama kwenye mawe, na baadhi ya nyumba hazikiruhusu.

Kutoka kabla ya wakati. Ukishapita geti la kutokea, tiketi imekwisha. Usitoke kwenda kula nje ukitegemea kurudi.

Kuokota kijiwe. Ni kosa la jinai. Tripodi, droni na mwanga wa kamera navyo acha.

Dalili kwamba siku imekwenda sawa: saa 9 alasiri uko Porta Marina, umeweka alama kwenye nyumba 7 au 8 kati ya zile 10, na stesheni iko hatua chache mbele yako.

## Hatua ya 7: Siku ya pili, Napoli

Vitu bora vya Pompeii haviko Pompeii. Mosaiki halisi ya Aleksanda, sanamu za shaba, vyombo vya mezani na hata mikate iliyoungua vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Akiolojia ya Taifa, Napoli. Panda metro namba 1, ushukie kituo cha Museo. Tenga saa 3, na kabla ya kununua tiketi ulizia kama mosaiki hiyo inaonyeshwa au iko kwa mafundi. Makumbusho hufungwa Jumanne, kwa hiyo ukitaka kwenda Pompeii kwanza, usiende Jumatatu.